Uchambuzi: Djugu, mashine ya usingizi bila betri ni nusu ya dawa

BUNIA – Mtu wa Djugu anayekoroma hadi pumzi kukatika, akibahatika kufika kwa daktari bingwa wa Kampala, Nairobi au Kinshasa, anaweza kurudi nyumbani na mashine ndogo yenye ukubwa wa redio ya mezani, mpira mrefu wa hewa na maski ya puani. Ushauri anaopewa ni uleule wanaopewa wagonjwa duniani kote: ivae kila usiku, usiku mzima, wiki za kwanza ni ngumu, lakini utazoea.

Ushauri huo ni sahihi. Lakini ulitungwa kwa ajili ya mtu ambaye umeme wake haukatiki, anayelala kitanda kilekile mwaka mzima, na ambaye haamki saa tisa za usiku kusikiliza kama milio ya risasi inakaribia. Wilayani Djugu mashine hiyo inakuta maisha mengine kabisa. Ndiyo maana kuzoea au kutozoea si jambo la mgonjwa na pua yake tu. Ni jambo la umeme, la kanda za afya, na la namna misaada ya dharura inavyopangwa mkoani Ituri.

Si malale

Kwanza jina. Ukisema "ugonjwa wa usingizi" huku kwetu, watu wanafikiria malale, ule unaoletwa na mbung'o. Huu ni mwingine. Hauna mdudu na hauambukizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, na pumzi inasimama kwa sekunde 10 au zaidi. Ubongo unashtuka, mtu anavuta hewa kwa kishindo, kisha mambo yanarudia palepale. Asubuhi yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Anayejua ni bibi yake aliyekuwa macho pembeni, akingoja pumzi irudi.

Madaktari wanaiita apnea ya usingizi, nao pia wanahesabu. Pumzi ikikatika au kupungua mara 5 hadi 14 kwa saa, hali ni nyepesi. Mara 15 hadi 29 ni ya kati. Kuanzia mara 30 ni kali: maana yake ni kwamba kila dakika mbili mtu huyo anakabwa na koo lake mwenyewe, hadi kunapambazuka. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine yalisema watu milioni 936 wenye umri wa miaka 30 hadi 69 duniani wana hali hiyo, ama nyepesi ama kali.

Wengi wanaamini ni ugonjwa wa wanene wa mjini. Unene unachangia sana, ni kweli, lakini umri unachangia, taya dogo linachangia, na kwa watoto mara nyingi ni tonsili zilizovimba, ambazo daktari wa upasuaji anaweza kuziondoa bila mashine yoyote. Dalili za mchana ndizo zinazowadanganya watu: kichwa kuuma kila asubuhi, tansio isiyoshuka hata kwa vidonge viwili, kusinzia kanisani, kwenye mkutano, darasani mbele ya wanafunzi. Na kusinzia kwenye usukani. Dereva wa lori anayetoka Bunia kwenda Mahagi kwa barabara ya kitaifa namba 27, akisinzia kwa sekunde nne tu, hafi peke yake.

Mashine yenyewe madaktari wetu wanaosema Kifaransa huiita PPC, wengine CPAP. Ilianzia Sydney, Australia, ambako daktari Colin Sullivan na wenzake walieleza mwaka 1981 jinsi walivyoijaribu kwa wagonjwa watano. Kazi yake ni nyepesi kueleza: inasukuma hewa ya kawaida, ileile ya chumbani, kwa nguvu ndogo isiyokatika, na hewa hiyo inazuia koo lisijifunge. Hapa inafaa kusema wazi kwa sababu tangu Covid watu wameona mashine za oksijeni katika hospitali zetu na wanazichanganya na hii. Oksijeni haifungui koo lililofungwa. Mwenye apnea akiwekewa oksijeni peke yake bado pumzi yake itakatika.

Kuzoea ni kazi

Hata pale ambapo hakuna vita wala giza, wengi wanaiacha. Maski inabana, hewa inavuja machoni, koo linakauka, mtu anajisikia kama amefungwa. Wengine wanaona haya mbele ya watoto. Bima nyingi za Marekani zimeweka kipimo: mgonjwa anahesabiwa anaitumia ikiwa ameivaa angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku wa mwezi. Kipimo ni cha chini hivyo kwa sababu wanajua watu wanavyoteseka nayo.

Njia ya kuizoea inajulikana, na haihitaji hospitali kubwa. Mgonjwa anaivaa kwanza akiwa macho, jioni, ameketi kitini nusu saa akisikiliza habari za Radio Candip, hadi uso uzoee. Anaanza na nguvu ndogo ya hewa inayopanda polepole. Mashine nyingi zina kitufe cha hilo. Anabadilisha ukubwa wa maski kabla ya kuamua kwamba mashine ni mbaya, maana mara nyingi ubaya ni wa maski. Asipake vaselini pale inapogusa, inaharibu mpira. Aioshe kila siku kwa sabuni laini. Vumbi letu la kiangazi linaziba kichujio haraka kuliko kitabu cha maelekezo kinavyosema, kwa hiyo akikague kila wiki.

Kuna jambo moja wauzaji hawalitaji kwa sauti. Utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliotangazwa mwaka 2016, uliwafuata watu 2,717 wenye apnea ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. Kwa wastani waliivaa mashine saa 3.3 tu kwa usiku. Haikupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi. Ilipunguza kukoroma na usingizi wa mchana, na watu wakaamka na roho nyepesi. Kwa mkoa wenye mashine za kuhesabu, hilo linatuonyesha nani aanze: si mkubwa mwenye pesa anayekoroma bila shida ya mchana, ni dereva, motari, fundi wa mashine ya mbao, mtu ambaye kusinzia kwake kunaua.

Hesabu ya umeme

Sasa tuje kwenye ukuta. Katika nchi nzima ya Congo, karibu mtu mmoja kati ya watano ndiye anayepata umeme. Bunia inategemea kwa muda mrefu kituo cha Budana kwenye mto Shari, kilichojengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa ajili ya mji uliojaa kama ulivyojaa leo. Mji umepokea watu kutoka Djugu, Irumu na kwingineko kwa miaka, mashine za maji ni zilezile. Ukitoka Bunia kuelekea Iga-Barrière, Nizi hadi Fataki, nyumba nyingi zina taa za sola, jenereta ya jirani, au giza.

CPAP isiyowasha kipashio cha kupasha maji inakula wati 30 hadi 60, kulingana na nguvu ya hewa aliyoandikiwa mgonjwa. Tuchukue 40. Usiku wa saa 7 unakula watisaa 280. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea 100, ile tunayoiona kwa wenye studio na salon, ina watisaa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu unaiua mapema. Kwa hiyo inabaki 600: usiku mbili, bila taa, bila televisheni. Pano ya sola ya wati 100 siku ya jua zuri inarudisha karibu 300 hadi 350. Inatosha usiku mmoja. Siku tatu za mvua mfululizo, na mvua zetu zinajulikana, hesabu inavunjika.

Kipashio cha maji kikiwashwa, matumizi yanaweza kuzidi maradufu. Habari njema ni kwamba hewa ya Bunia kwa miezi mingi si kavu kama ya Ulaya wakati wa baridi, na wengi wanaweza kukizima kabisa. Anayekihitaji atumie maji safi yaliyochujwa chumvi. Ya bomba yaliyochemshwa hayana vijidudu lakini yanaacha magadi ndani ya chombo. Jambo lingine ni kwamba mashine nyingi zinataka volti 24 za moja kwa moja, hivyo kuipitisha kwenye inveta hadi 220 kisha kurudi chini ni kupoteza sehemu ya betri bure. Kifaa kidogo cha kupandisha 12 kwenda 24 kinaokoa saa nzima ya usingizi. Fundi yeyote wa sola wa Bunia analielewa hilo. Tatizo ni kwamba hakuna anayemuuliza, kwa sababu daktari anaandika mashine na fundi hajui kama kuna mgonjwa.

Halafu kuna majirani. Mwenye pano na betri hapa kwetu si mwenye pano tu, ni kituo cha kuchajia simu. Shangazi anakuja na simu, motari anakuja na simu, mtoto wa jirani anakuja na taa ya kusomea. Kuwakatalia ni uchoyo, na hakuna anayetaka jina hilo. Jioni betri imeshuka na mgonjwa analala bila mashine. Familia zinazofanikiwa ni zile zilizotenga betri ya mgonjwa kama dawa: haiazimwi, na mtaa mzima unajua kwa nini.

Umeme ukikatika usiku wa manane, maski itolewe usoni mara moja. Ina matundu ya kutolea pumzi, lakini bila mashine kusukuma hewa mtu anaanza kuvuta tena hewa aliyoitoa. Usiku mmoja bila mashine kwa kawaida hauui. Alale kwa ubavu, si chali, kichwa kikiwa juu kidogo. Asinywe lotoko ili "apate usingizi", wala asimeze diazepamu ya dukani. Vyote viwili vinalegeza koo zaidi na kuuchelewesha ubongo kushtuka, yaani vinaondoa kile kitu kimoja kinachomwokoa.

Usiku wa Djugu

Hadi hapa tumeongea kama mtu yuko nyumbani. Lakini usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, wanamgambo wa CODECO waliingia katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, usultani wa Bahema Badjere, na kuua watu zaidi ya 60. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Juni 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala, zaidi ya watu 40, karibu nusu yao watoto. Haya yalitokea chini ya hali ya dharura iliyotangazwa Ituri na Kivu ya Kaskazini tangu tarehe 6 Mei 2021. Mtu aliyepita usiku kama ule haongozwi na daktari kuhusu namna ya kulala. Analala na viatu.

Mwenye apnea ana shida ya ziada ambayo haimo katika kitabu chochote cha tiba: anakoroma. Familia iliyojificha kwenye shamba la mihogo au kando ya kijito inahitaji kimya, na yeye, mara tu usingizi unapomchukua, anasikika mbali. Atakayekaa macho kumsukuma kila anapoanza ni bibi yake. Mashine ingemnyamazisha, maana inanong'ona tu, lakini porini hakuna mashine. Kambini, chini ya hema ambamo watu wanalala miguu ikigusana, mtu mwenye maski usoni na waya ukutani kwanza anaogopesha watoto, pili anamwonyesha mwizi ilipo betri.

Hospitali nazo si kimbilio la uhakika. Mwezi Machi 2024 mgonjwa aliuawa kitandani katika hospitali ya Drodro. Mwezi Machi 2025 Hospitali Kuu ya Fataki ililazimika kusimamisha kazi na kuhamisha wagonjwa kwa sababu ya vitisho. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 M23 ilipouteka mji, na njia ya kwenda kutafuta bingwa upande huo ikafungika. Inabaki Kinshasa kwa ndege, au Uganda kwa kupitia Mahagi au ziwa Albert, safari ambayo mwenye pesa anaifanya mara moja, si kila miezi mitatu kwa ajili ya kukaguliwa mashine.

Nani ashughulike nalo?

Wapo watakaosema: watu wanakatwa mapanga, watoto wana surua, na ninyi mnaandika habari za kukoroma? Swali hilo ni la haki. Jibu si kwamba apnea ipewe nafasi ya kwanza. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kinachotakiwa haihitaji bajeti mpya.

Ituri ina kanda 36 za afya. Vituo vyake vingi tayari vinapima tansio. Maswali manane yaliyotungwa Toronto na kutangazwa mwaka 2008, yanayojulikana kama STOP-Bang, yanauliza kama mtu anakoroma kwa nguvu, anachoka mchana, ameonekana pumzi ikikatika, ana tansio, kisha uzito, umri wa zaidi ya miaka 50, unene wa shingo na kama ni mwanaume. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima shingo. Muuguzi wa Nizi au wa Rethy anaweza kuyauliza kwa dakika tano, kwa Kiswahili, Kilendu au Kihema. Hayatoi hukumu ya mwisho, yanaonyesha nani wa kutumwa mbele na nani wa kuambiwa leo asiendeshe lori usiku. Kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kilifika hospitali nyingi wakati wa Covid; kikiachwa kidoleni usiku mzima kwa mgonjwa aliyelazwa, muuguzi wa zamu ataona namba ikishuka na kupanda kila koo linapofunga.

Shirika la Afya Duniani lina sanduku la dharura la magonjwa yasiyoambukiza, lenye dawa za tansio, kisukari, pumu na mengineyo kwa ajili ya watu 10,000 kwa miezi mitatu. Ni hatua nzuri, inakubali kwamba mkimbizi anaweza kuwa na kisukari. Lakini lilifikiria vidonge. Halikumfikiria mtu ambaye dawa yake inachomekwa ukutani. Pembe moja ya kuchajia betri kwenye hospitali yenye sola, pale ambapo friji ya chanjo na vifaa vya watoto njiti vinapata umeme, ingemhudumia huyu bila kumnyima mwingine chochote. Mpango wa bima ya afya kwa wote uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 ulianza na uzazi, na ilikuwa sawa kuanzia hapo. Tansio ikifika zamu yake, apnea iwe kwenye karatasi hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi ni mgonjwa mmoja.

Kitu ambacho sikipendekezi ni shirika lije na boksi 50 za CPAP, lipige picha na gavana, liondoke. Stoo za hospitali zetu zimejaa vyombo vya msaada vilivyokufa kwa kukosa kebo. Betri kwanza, fundi wa pili, mashine ya tatu.

Zile za mitumba

Kwa sasa mashine nyingi zitaendelea kuja kama vinavyokuja vitu vingine: ndugu wa Ubelgiji au Kanada anapata ya marehemu au ya aliyebadilisha, anaiweka kwenye sanduku. Moyo mzuri, lakini kuna tahadhari. Tarehe 14 Juni 2021 kampuni ya Philips iliita zirudishwe mamilioni ya mashine zake zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake iliweza kuchakaa na mgonjwa akavuta vipande na gesi. Mwaka 2024 ilikubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza kesi za wagonjwa wa Marekani. Aliyepokea DreamStation ya zamani asome namba iliyo chini yake na ndugu aliyeituma aiangalie kwenye orodha ya kampuni. Na mashine iliyowekwa nguvu ya hewa ya mtu mwingine si yako hadi daktari airekebishe. Chini ya kipimo haisaidii, juu ya kipimo utaitupa usiku wa kwanza.

Anayetuma kutoka nje aulize pia uzito. Mashine yenyewe ina kilo moja na kidogo. Betri ya risasi ya ampea 100 inakaribia kilo 30, ya lithiamu ya ukubwa uleule ni kilo 11 au 12, na ndogo ya usiku mmoja haizidi kilo mbili. Bei ya lithiamu ni kubwa, na wauzaji wa Bunia wanazo chache. Lakini anayetoka Fataki kwa miguu saa nane za usiku, mtoto mgongoni, anaweza kuingiza mashine, maski na betri ndogo kwenye mfuko mmoja wa shule. Ile ya kilo 30 inabaki kwa atakayeingia nyumbani baada yake.